Anasoma, ila anachelewa: disleksia kwa mtoto wa Kiswahili

Listi za dalili za disleksia, yaani ile shida ya kusoma na kuandika isiyotokana na akili ndogo, zinazozunguka kwenye magrupu ya wazazi zote zinafanana: anageuza b na d, anaandika herufi kinyumenyume, anasoma "was" badala ya "saw". Sasa mtoto wa darasa la tatu pale Nkuhungu au Ihumwa, hapa kwetu Dodoma, ambaye tangu ashike kitabu anasoma Kiswahili, hiyo "was" na "saw" anakutana nayo wapi? Mzazi anaangalia listi, anamwangalia mwanawe, anaona haviendani, anasema basi huyu wangu ni mvivu tu, na mtoto anaendelea kula viboko.

Mi nimefundisha darasa la pili miaka kadhaa wilayani Chamwino kabla sijaacha chaki na kufungua steshenari hapa mjini, kwa hiyo hawa watu nimewaona wakiwa wadogo wanalilia kitabu, na nawaona wakiwa wakubwa wanakuja na fomu mkononi wanasema "dada nijazie tu, mwandiko wangu mbaya". Ninachoshikilia ni hiki: kwa Kiswahili disleksia haijitangazi sana kwenye kukosea, inajitangaza kwenye kuchelewa na kuchoka. Ukikaa unasubiri makosa utasubiri mpaka afike kidato cha kwanza, na hapo ndo moto unawaka.

Kwa nini iko hivyo? Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. "Ba" ni "ba" leo na kesho, kwenye "baba" na kwenye "barabara". Kwa hiyo hata mtoto mwenye disleksia, akipigishwa silabi muda mrefu, mwisho wa siku atazijua, ataisoma sentensi na atafika mwisho. Ila atafika amechoka, kwa sababu anasoma kama mtu anayechambua mchele, punje moja moja, na akimaliza ukimuuliza umesoma nini anakuangalia tu. Kuna utafiti wa Eraldo Paulesu na wenzake uliotoka mwaka 2001 kwenye jarida la Science, walichukua watu wazima wenye disleksia Italia, Ufaransa na Uingereza wakawapima kusoma na wakawaangalia na ubongo. Waitaliano, ambao lugha yao nayo inaandikwa karibu kama inavyotamkwa, walisoma kwa usahihi kuliko wale wengine, lakini ndani ya ubongo hali ilikuwa ileile kwa wote, sehemu fulani ya upande wa kushoto haifanyi kazi sana wakati wa kusoma ukilinganisha na watu wengine. Yaani lugha rahisi haikuondolei disleksia, inakufichia.

Na yenyewe haina uhusiano na akili, wala sio ugonjwa wa macho. Shida iko kwenye kuzishika sauti zilizomo ndani ya neno, kuzitenganisha, na kuziunganisha na herufi zake haraka bila kufikiria. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika kwenye British Medical Journal habari za kijana wa miaka 14 aliyemwita Percy F. Kijana mchangamfu, hesabu anaweza, macho mazima, kafundishwa miaka na miaka, lakini kusoma hakuna, hata jina lake mwenyewe aliliandika "Precy". Mwalimu wake akasema kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, huyu angekuwa wa kwanza shuleni. Nikisoma ile habari nawaona watoto wangu wawili watatu wa darasa la pili, wale ambao kwenye vitendawili hawashikiki, ukisema tu "kitendawili" mkono uko juu, ila ukiwapa kitabu wanaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Makadirio yanayotumika sana ni watoto 5 hadi 10 kwa kila 100, wengine wanafika hata 20 kutegemea wanaipima vipi. Darasa la watoto 80, ambalo kwetu ni darasa la kawaida kabisa, chukua hayo makadirio ya chini, ni wanne hadi wanane. Sasa kumbuka waliopewa jina la "kilaza" darasani kwenu.

Niseme sasa inavyoonekana ukikaa naye kwenye mkeka na kitabu. Mpe sentensi kama hii: "Wageni waliotutembelea jana hawakutuletea zawadi." Mtoto wa darasa la tatu au la nne mwenye hii shida mara nyingi "wageni" atapita salama. Akifika kwenye "waliotutembelea" ataanza vizuri, wa-li-o, halafu atasimama, atarudi nyuma, atavuta pumzi, kisha atarusha neno analolijua, "walitembea". Jana sawa. "Hawakutuletea" inakuwa "hawakuleta". Unaona alichofanya, kashika kichwa cha neno na mkia kaukisia. Katikati ya neno la Kiswahili ndiko tunakoficha kila kitu, nani kafanya, kamfanyia nani, lini, kwa hiyo mtoto anayeruka katikati anabaki na maneno ila maana imempotea. Na wewe uliyekaa pembeni kwa kuwa "walitembea" inaendana endana hukushtuka.

Ndo maana wengine wanaanguka hesabu wakati hesabu wanaweza. "Asha alikuwa na maembe 12, akapewa na kaka yake maembe 5." Mtoto anasoma "akampa kaka yake", anatoa, anapata 7, mwalimu anaweka kosa jekundu. Msomee wewe kwa mdomo lile swali uone, anakujibu 17 kabla hujamaliza. Ukiona tofauti ya namna hiyo kati ya alichosoma mwenyewe na alichosomewa, usiipuuze, kwangu mimi hiyo ni dalili inayozidi herufi za kugeuza mara kumi.

Maana hiyo ya kugeuza b na d, karibu kila mtoto anayeanza kuandika anageuza, mpaka miaka saba hivi haina tatizo. Ikiendelea akiwa na miaka tisa au kumi ndo uiweke kwenye hesabu pamoja na mengine. Cha kuangalia zaidi kwenye daftari ni zile herufi zinazoenda pamoja, mb, nd, ng', ny, mw, kw. "Mbuzi" inakuwa "buzi", "ndizi" inakuwa "dizi", "ng'ombe" inakuja kila siku na sura yake. Neno moja ukurasa mmoja kaliandika namna tatu. Imla ikisomwa yeye yuko neno la pili wenzake wamemaliza sentensi. Kunakili ubaoni anainua kichwa kila herufi.

Kuna kajaribio nilikuwa nakafanya darasani na hakana gharama, andika maneno ambayo hayapo: tefulo, mbasiki, nyogedu. Mtoto aliyekariri kitabu chote cha shule (na wapo, wanakusomea ukurasa wakiwa wanaangalia picha) hapa hawezi kukudanganya, maana hakuna cha kukisia, lazima aunganishe sauti. Mwenye disleksia hapo anakwama pabaya. Sio kipimo cha daktari, usije ukatoka hapo ukampa mtoto jina, ila kinakuonyesha pa kuangalia.

Kwa wadogo ambao hata shule hawajaanza, dalili zinakuwa kwenye kuongea. Kachelewa kuongea, anachanganya silabi kwenye maneno marefu muda mrefu kuliko wenzake, pikipiki inakuwa "kipipiki", kikapu "kipaku". Majina ya vitu yanamtoka, kila kitu ni "kale kadude". Siku za wiki hazikai kwa mpangilio. Ukimwambia apige makofi kwa kila silabi, ma-chu-ngwa, anapotea. Sio kila anayesema kipipiki ana disleksia jamani, watoto wanaongea hivyo na tunawacheka, ila kama baba au mama au mjomba naye kusoma kulimshinda, basi angalia kwa karibu, kwa sababu hii kitu inatembea kwenye ukoo. Mtoto mwenye mzazi mwenye disleksia, uwezekano wa naye kuwa nayo unakaribia nusu kwa nusu.

Na wasichana wanasahaulika. Mvulana asiyejua kusoma anavunja dawati, anapiga wenzake, mwalimu anamuona. Msichana anakaa kimya nyuma, mwandiko mzuri, daftari limefunikwa na gazeti, anadesa kwa jirani taratibu, anapanda madarasa.

Lakini kabla hujasema disleksia, huku kwetu kuna mambo ya kuondoa kwanza. Macho: mkoa huu vikope tunavijua vizuri, Kongwa imefanyiwa utafiti wa vikope mpaka wanasayansi wa dunia wanaijua kwa jina, kwa hiyo mtoto apimwe macho kabla ya lolote. Masikio pia, usaha wa sikio usiotibiwa unamkosesha mtoto sauti zilezile anazohitaji kusomea. Halafu utoro, kama msimu mzima alikuwa na ng'ombe huko porini huwezi kudai kashindwa kusoma, hajafundishwa. Na njaa, sihitaji kueleza.

Na lugha. Mtoto wa Mvumi au Mpwapwa vijijini anaongea Kigogo nyumbani, wa Kondoa Kirangi, kule Farkwa Kisandawe, Kiswahili anakutana nacho vizuri shuleni. Huyu akichelewa kusoma tunasema ni lugha tu, atazoea, mara nyingi ni kweli, mara nyingine sio. Tofauti niliyokuwa naiona ni hii: mtoto ambaye shida yake ni lugha, silabi anaziunganisha vizuri tu, anakusomea ukurasa mzima kwa kasi, ila haelewi alichosoma, na hata ukimsomea wewe bado haelewi. Mwenye disleksia ni kinyume chake, kusoma ndo kunamtoa jasho, ukimsomea anaelewa na anakuongezea na maswali. Muulize na bibi yake, huyu Kigogo alianza kuongea lini, anasimulia vipi, maneno yanampotea? Bibi anajua kuliko fomu yoyote.

Sasa nirudi kwenye kidato cha kwanza. Mtoto kapambana na Kiswahili miaka saba, kavuka darasa la saba kwa shida shida ila kavuka, anaingia sekondari ya serikali karibu kila somo Kiingereza. Hapo zile silabi zilizokuwa zinambeba hazipo tena. "Though", "through", "cough", herufi zilezile sauti nyingine kila mahali, hata sisi wengine zinatusumbua. Mtoto anaanguka kwa mpigo, biolojia, jiografia, vyote, na watu wanasema kaharibika, kapata makundi mabaya, wengine wanasema karogwa. Ni hivyo hivyo kwa wale wanaohamishwa kutoka shule za Kiswahili kwenda hizi ingilishi midiamu zinazoota kila kona ya Dodoma tangu serikali ihamie: "alikuwa anajua, tumelipa ada, amekuwa mzito." Ukirudisha nyuma ukauliza kasi yake ya kusoma Kiswahili ilikuwaje, unakuta dalili ilikuwepo toka darasa la pili, ila kwa kuwa alikuwa anafika mwisho wa sentensi hakuna aliyehesabu dakika.

Wakubwa nao. Nina mteja wangu, fundi wa madirisha ya alumini, na hapa Dodoma fundi wa alumini mwenye mikono mizuri halali njaa. Akija kuchapisha kotesheni anasimama mbele ya kompyuta hana hata karatasi, ananitajia madirisha yote ya nyumba kwa vipimo vyake, futi nne kwa tano ngapi, vyoo vingapi, mlango wa mbele, kioo cha rangi gani, na jumla anaitoa kichwani kabla mi sijamaliza kuingiza kwenye Excel, na ikitofautiana mwenye kosa ni mimi. Huyo huyo meseji hatumi, ni voisi tu mwanzo mwisho. Siku aliyolazimika kuandika, juu kaandika "madrisha" chini "madirsha". Kuna mara alipewa mkataba na tajiri mmoja, akamwambia naenda kuusoma nyumbani kwa utulivu, akaja nao dukani, "hebu nisomee, miwani nimesahau". Miwani sijawahi kumwona nayo. Nikamsomea, na kwenye ukurasa wa mwisho akanisimamisha, akasema hapo kwenye malipo mbona kinapingana na kile cha mwanzo. Na kweli kilikuwa kinapingana, mimi niliyekuwa nasoma kwa macho yangu sikuwa nimeona.

Dalili za mkubwa ni hizo, hazionekani kwenye kusoma kwenyewe, zinaonekana kwenye ujanja wa kukwepa kusoma. Miwani imesahaulika, mkono unauma, "andika wewe una mwandiko mzuri". Kanisani au kikaoni akiambiwa asome andiko anatoka kupokea simu. Kukataa cheo kazini kwa sababu cheo kinakuja na ripoti. Kutuma pesa kwenye namba isiyo sahihi kwa sababu tarakimu mbili zimepishana, na namba ya NIDA isiyoshikika kichwani hata kwa dawa. Anasoma aya moja mara tatu. Tarehe na saa za miadi zinachanganyika, kushoto na kulia pia. Sio lazima ziwepo zote, na moja moja kila mtu anayo, hata mimi namba yangu ya NIDA siijui. Ila mtu anayesema "mimi tangu shule kusoma kunanichosha kichwa" wakati kwa mdomo ni moto wa kuotea mbali, huyo msikilize.

Halafu hizi habari za kwamba kila mwenye disleksia ni jiniasi, na Einstein katajwa kila mahali, tuachane nazo, ya Einstein haina ushahidi. Lee Kuan Yew wa Singapore mwenyewe alisema hadharani kwamba anayo kidogo na aliijua ukubwani, huyo sawa. Lakini mtoto hahitaji kuwa Lee Kuan Yew ili astahili kufundishwa kusoma.

Kupimwa kupoje? Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa, ni mtaalamu anakaa na mtu anampima kusoma, sauti, kumbukumbu, kasi. Wataalamu wa namna hiyo nchini ni wachache. Pa kuanzia ni mwalimu wa darasa, kisha afisa elimu maalumu wa halmashauri, na ukimpata mwalimu aliyepita chuo cha Patandi kule Arusha, ambako wanasomea elimu maalumu, mng'ang'anie. Shida ni kwamba hapa Dodoma ukitamka tu "apelekwe akapimwe kichwa" watu wanasikia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na mama anachukua mtoto wake anaondoka. Mi nilijifunza kusema "tuone anasomaje", yanaisha.

Haiponi, nisikudanganye, na wale wanaouza vidonge vya kuongeza akili mtandaoni waambie wakale wenyewe. Ila kusoma kunafundishika. Inachohitajika ni kurudi kwenye sauti, polepole na kwa mpangilio, silabi moja asikie, aitamke, aiandike kwa kidole kwenye mchanga au kwenye sinia la unga huku anaitamka, kisha aijenge kwenye neno. Robo saa kila siku inatosha, hizi tuisheni za masaa matatu jioni mtoto amechoka hazina faida hapa. Maneno marefu yapasue naye kwa penseli, wa/li/o/tu/tembelea, halafu ayarudishe. Msomee hadithi, kila siku, ili masikio na akili yasibaki nyuma wakati macho yanahangaika. Mwalimu amuulize maswali kwa mdomo, ampe muda, na tafadhali asimsimamishe mbele ya darasa asome kwa sauti bila kumpa ukurasa huo jana yake akajiandae.

Mtu mzima naye anaweza kufundishwa hivyo hivyo, ila wengi hawana muda, wana kazi. Kwa hao simu inasaidia sana. Kwenye Android ukiingia sehemu ya ufikivu kuna kitu cha kusomewa maandishi yaliyopo kwenye skrini, na Google ina sauti ya Kiswahili, ya Kikenya Kikenya lakini inaeleweka. Kukuza maandishi nako kunapunguza kazi. Ukituma pesa, subiri jina litokee, lisome hilo jina badala ya kuangalia namba. Na kibodi ina kile kipaza sauti cha kuandika kwa kuongea, Kiswahili cha Tanzania kimo, fundi wangu siku hizi anatumia hicho na kotesheni ndogo ndogo anatuma mwenyewe bila kuja dukani. Ila majina ya mitaa yetu yanaishinda, Ng'hong'honha haijawahi kuipatia, hapo bado inabidi anipigie.